Yeye ndiye aliyetaja bei: je, sina makosa?



Vijana wenzangu, leo naomba tuongee kuhusu biashara ambayo wengi wenu hamjawahi kuifanya: kununua santuri za zamani. Msikimbie kwanza. Swali lililomo ndani yake mnakutana nalo kila siku, uwe unauza mtumba, simu zilizotumika au viwanja. Swali lenyewe ni hili: kama mimi naijua thamani ya kitu, na mwenye kitu haijui, je, ni halali nikinunua kwa bei aliyoitaja yeye kwa mdomo wake?

Nianze na kitu chenyewe. Mimi ni mpenzi wa santuri ndogo, zile za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika chache tu, ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi zilikatwa vipande viwili. Unasikiliza nusu ya kwanza, unainuka, unageuza sahani, halafu upande wa pili unakuta magitaa ndiyo kwanza yamechangamka. Babu zetu walikuwa nazo. Sisi tumezikuta zimefunikwa vumbi juu ya kabati.

Enzi hizo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi za mjini, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932 au NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilirekodi Radio Tanzania, na nyimbo zikasikika hewani. Anayetaka wimbo wake uwe sahani ya kushikika mkononi ilibidi atazame Nairobi. Wanamuziki wengi wa kwetu walikwenda huko, na wengine wakabaki huko huko. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, ndio waliokuwa na Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitoa, wakaunda Les Wanyika. Wimbo uliowatambulisha kwa watu ni utunzi wa Omar Shabani, na bila shaka hata wewe umeusikia harusini: Sina Makosa.

Sasa angalia kalenda. Februari 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Maana yake wimbo huu wa Kiswahili, uliopigwa na bendi iliyojaa Watanzania, ulichapwa Nairobi wakati ambao bidhaa za Nairobi hazikuwa na njia rahisi ya kuja Dar. Redio haihitaji pasi ya kusafiria, kwa hiyo sauti ilivuka. Sahani ilibidi ibebwe na mtu. Ukiikuta nakala ya enzi hizo ndani ya Kariakoo, ujue kuna mtu aliihangaikia.

Na vitu adimu vina watu wake. Miaka hiyo hiyo Uingereza ilikuwa na wimbi la muziki wa punk. Mwaka 1977 kampuni ya A&M ilichapa santuri ya bendi ya Sex Pistols, God Save the Queen, halafu ikaachana na bendi hiyo ndani ya siku chache na kuamuru nakala ziharibiwe. Zile chache zilizosalimika leo ni miongoni mwa santuri ghali sana duniani. Ukitaka kuusikiliza wimbo wenyewe, unaupata bure kwenye simu. Kinacholipiwa ni uchache. Siku hizi wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani wanazitafuta pia santuri ndogo za Afrika Mashariki, kwa hiyo sahani iliyolala chini ya kitanda mtaa wa Narung'ombe inaweza kuwa na mnunuzi ambaye mwenye kitanda hajawahi hata kuota kwamba yupo.

Kariakoo mnaijua. Nyumba za zamani za Kiswahili, zenye uwani na baraza, zinabomolewa kila siku kupisha maghorofa. Familia zinahama, na vitu vya marehemu vinatolewa nje: makabati, cherehani, redio za mbao, maboksi. Fundi redio wa Gerezani anapigiwa simu, dalali anapigiwa simu, na mtu kama mimi anapigiwa simu. Bibi aliyekaa kwenye mkeka anasema, "Chukua zote kwa elfu kumi." Wewe umeshaiona ile moja iliyomo ndani. Unafanyaje?

Mtaani jibu lipo tayari, nalo lina maneno matatu. La kwanza: mjini akili. La pili: bei ni maelewano. La tatu: kaokota dodo chini ya mwarobaini, basi ale. Na ukimbana kidogo mwenye jibu hilo, atajitetea kwa jina la wimbo wenyewe. Sina makosa. Sijaiba, sijadanganya, sijamtisha mtu. Yeye ndiye aliyetaja bei.

Tusilidharau jibu hilo, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ujuzi una gharama. Mimi nimekaa miaka najifunza kutofautisha chapa ya kwanza na ya baadaye, kusoma namba zilizochongwa karibu na kitovu cha sahani, kujua mkwaruzo upi unasikika na upi unaonekana tu. Nimetumia nauli, nimenunua sahani mbovu. Kama ujuzi wangu haunilipi chochote, nilisoma wa nini? Daktari analipwa kwa anachokijua, fundi vilevile. Kwa nini mnunuzi wa santuri aone aibu?

Lakini kuna tofauti, na ni vizuri tuione taratibu. Daktari anautumia ujuzi wake kwa faida ya anayemlipa. Anajua ugonjwa wako, anakwambia, unampa haki yake. Mnunuzi anayenyamaza anautumia ujuzi wake dhidi ya yule aliye mbele yake, na faida yake yote inategemea yule mwingine aendelee kutojua. Dakika bibi akijua, faida inayeyuka. Biashara ambayo ukweli ukiingia tu inakufa, hiyo ni ya kuichunguza.

Swali hili Kanisa lilishalijadili zamani sana, na cha kushangaza, lililijadili kwa mfano unaokaribiana sana na wetu. Mtakatifu Agostino, Mwafrika, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, katika kitabu cha 13 cha maandishi yake juu ya Utatu Mtakatifu anasimulia habari ya mwigizaji aliyewaahidi watazamaji kwamba atawaambia kila mmoja alichonacho moyoni. Watu wakajaa. Akawaambia kwamba wote wanapenda kununua rahisi na kuuza ghali. Wote wakakubali kwamba kawapatia. Agostino anasema hapana, si wote. Yeye mwenyewe alimfahamu mtu aliyeletewa kitabu kinachouzwa. Enzi zile kitabu kiliandikwa kwa mkono na kilikuwa mali. Muuzaji hakuijua thamani yake, akataja bei ndogo. Mnunuzi akamlipa bei ya haki, kubwa mara nyingi kuliko aliyoombwa, na muuzaji hakuitegemea kabisa.

Ona hapo: kitu cha zamani, muuzaji asiyejua, mnunuzi anayejua. Ni Kariakoo kabisa, miaka 1,600 iliyopita.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye, katika karne ya 13, aliliweka jambo hili kisheria zaidi. Katika Summa yake, sehemu anayozungumzia udanganyifu katika kununua na kuuza, anasema kosa halimkai muuzaji peke yake. Mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua kuwa ni dhahabu, mnunuzi huyo amenunua isivyo haki na anatakiwa kurudisha. Ananunua kwa bei iliyotajwa, na bado anatakiwa kurudisha. Kwa Tomaso, kutaja bei hakufuti kila kitu, kwa sababu mtu hawezi kuridhia kweli jambo asilolijua. Bibi aliridhia kuuza sahani za kuchezea watoto. Hakuridhia kuuza kile ulichobeba wewe.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, namba 2409, inapoorodhesha mambo yanayovunja amri ya saba inataja kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako. Hapo inamlenga anayeuza, lakini ukigeuza upande kama santuri, mnunuzi anayeishusha bei kwa njia hiyo hiyo anakaa wapi? Biblia ilishamwona pia. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenyewe, halafu akishaondoka anajisifu. Mwenzangu, mtu huyo hajawahi kupita Mtaa wa Congo kweli?

Hapa kijana mmoja mwerevu wa VIWAWA aliwahi kunibana, na nakiri hoja yake ni nzuri. Alisema: "Mbona kwenye Mathayo 13:44 mtu anakuta hazina shambani, anaificha, anauza vyote, ananunua shamba? Alimwambia mwenye shamba? Na Yesu anaufananisha Ufalme wa Mbinguni na huyo!" Nilifurahi, maana huko ndiko kusoma Injili. Jibu langu ni kwamba mfano una kidole, na tuangalie kinakoelekeza. Hautufundishi namna ya kununua mashamba, kama vile mfano wa wakili asiye mwaminifu hautufundishi kughushi hati za madeni. Unaonesha furaha ya mtu aliyekutana na kitu ambacho vyote alivyo navyo ni vidogo mbele yake. Na angalia alivyolipa: alilipa kila kitu. Yule anayempa bibi elfu kumi na kubaki na mali ya laki hajafanya alichofanya mtu wa Injili. Amefanya kinyume chake. Amepata hazina bila kuuza chochote.

Nisije nikaonekana nawahubiria tu, niwape na kisa. Mwaka jana fundi mmoja alinipeleka kwenye nyumba iliyokuwa inahamwa, si mbali na Mtaa wa Swahili. Bibi mwenye boksi alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Zile pale, sahani za marehemu. Nipe elfu kumi ubebe zote, mimi hata cha kuzipigia sina."

Nilipekua. Nyingi zilikuwa zimepinda kwa joto. Katikati ilikuwepo Les Wanyika, ndani ya karatasi yake, imetulia. Kwenye lebo mwenyewe alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino, kama walivyofanya wengi enzi hizo ili santuri isipotee ikiazimwa kwenye shughuli.

Nikamwambia, "Bibi, hizi nyingine bei yako ni sawa. Hii moja usiiuze hivyo. Hii inatafutwa. Mimi naweza kukupa elfu sitini, na wapo wa nje ambao wanaweza kuzidisha."

Fundi alinikanyaga mguu. Bibi alinyamaza, akanyoosha mkono nimpe. Akaisogeza karibu na macho, akasoma jina. Akakaa nalo. Halafu akamwita mwanawe, wakanong'ona, na boksi zima likarudishwa ndani. Haliuzwi tena.

Sikurudi nyumbani na furaha ya watakatifu. Nilitembea Msimbazi yote hadi kituo cha daladala nikiwa nimenuna, huku fundi ananiambia nimeitupa riziki yetu sote wawili. Usiku niliufungua wimbo kwenye simu. Ukapiga vizuri tu, mwanzo hadi mwisho, bila kugeuza upande. Ndipo nikajiuliza: kama wimbo ninao, kilichonichoma leo ni nini hasa? Yesu anasema hazina ya mtu ilipo ndipo na moyo wake ulipo. Hilo neno tumezoea kulisikia kuhusu matajiri na mabenki. Kumbe hata sahani ya inchi 7 inatosha kuubeba moyo wa mtu.

Na bibi? Alikuwa anauza boksi bila kulitazama. Aliposikia kwamba kuna kitu humo, alilitazama, akakutana na mwandiko wa mumewe. Hilo halikuwa kwenye hesabu zangu. Nilidhani ukweli wangu ungempa hela, hela hakuchukua. Mtu anaponyimwa ukweli kuhusu mali yake hanyimwi shilingi tu. Ananyimwa nafasi ya kuamua yeye mwenyewe kitu chake kina maana gani kwake. Naona hapo ndipo dhambi yenyewe ilipo, hata kabla ya kufika kwenye hesabu: unamfanya mwenzako kipofu ndani ya nyumba yake, na unafurahi kwamba haoni.

Sasa tufanyeje? Maana hatuwezi wote kuacha biashara, na Kanisa halijatuagiza tuiache. Nina mambo matatu.

Kwanza, sema aina ya kitu. Kama ni dhahabu usiinunue kama shaba. Huna lazima ya kutoa semina nzima ya soko la dunia. Tomaso mwenyewe anasema bei ya haki si nukta moja. Ni makadirio, na kupungua au kuzidi kidogo hakuvunji haki. Tofauti ya elfu tano ni maelewano. Tofauti ya elfu kumi na laki moja si maelewano tena, hiyo ni kwa sababu mmoja kafungwa macho.

Pili, faida yako ichukue hadharani. Tomaso anakubali kwamba mfanyabiashara anaweza kupata faida ya kiasi kama malipo ya kazi yake. Kwa hiyo sema: "Mama, mimi nitaisafisha, nitaitafutia mteja, ikiuzwa tugawane hivi." Kariakoo tunalijua neno "cha juu", ile pesa dalali anayoongeza kimya kimya bila mwenye mali kujua. Cha juu ikisemwa waziwazi inakuwa ujira. Ikifichwa inabaki cha juu.

Tatu, mkumbuke aliyetunga. Kila nakala ya zamani inapouzwa na kuuzwa tena, wanamuziki walioipiga hawamo kwenye mgao. Wengi wa enzi hizo wamesema hadharani kwamba walilipwa kidogo, mara moja, basi. Omar Shabani alishafariki. Hatuwezi kumrudishia. Lakini waliopo tunaweza: nenda dansini ulipe kiingilio, nunua kazi zao halali, na wataje kwa majina unapowapiga kwenye spika yako. Na kwenye Misa, nia za marehemu hazikatazi kumtaja mpiga gitaa.

Najua kuna atakayesema, "Lakini mimi nikisema ukweli, anayekuja nyuma yangu atanyamaza, ataichukua yeye." Ni kweli, inatokea. Ila ukiichunguza hoja hiyo utaona inahalalisha kila kitu, kwa sababu kila dhambi ina mtu wa kuifanya nyuma yako. Swali la dhamiri halikuulizi sahani itaishia kwa nani. Linakuuliza mkono uliomnyang'anya bibi ulikuwa wa nani.

Kabla ya kulala leo, jiulize haya mawili. Katika vitu nilivyo navyo, kipo ambacho aliyeniuzia angelia kama angejua? Na kama kipo na mtu huyo yupo hai, namba yake ninayo?

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako na kujua bei ya mbao Nazareti, tupe macho ya kuona thamani ya vitu na macho makubwa zaidi ya kuona thamani ya watu. Tunapojua wasichokijua wenzetu, utufanye taa yao na wala si mtego wao. Uwapumzishe kwa amani wale wote ambao muziki wao unatufurahisha hadi leo. Mtakatifu Sesilia, utuombee. Amina.